Muulize Fundi: Betri ipi haitaniangusha?

Safari hii barua nyingi zimeelekea upande mmoja: betri. Nimechagua chache, nikazifupisha, na waandishi nimewaachia majina waliyojipachika wenyewe. Anayejibu ni yule yule, fundi umeme wa magari, mita mfukoni na vidole vyenye weusi usiotoka kwa sabuni.

Fundi, shikamoo. Nina gari dogo la petroli. Betri hata mwaka haijamaliza, lakini asubuhi nikipiga stata naambulia mlio wa ta-ta-ta tu na taa za dashibodi zinafifia. Jirani akinibusti linawaka, kesho yake hadithi ni ile ile. Gereji wamesema betri imekufa, ninunue nyingine "yenye jina". Nitajie jina moja tu la betri ya kuaminika nikainunue. — Nimechoka Kusukuma

Marahaba. Jina sikutajii, na si kwa uchoyo. Kiwanda kimoja kinaweza kutoa betri za madaraja matatu na kuzibandika nembo tatu, na nembo moja inaweza kutoka viwanda viwili visivyofanana. Ukiniwekea mezani betri ya jina kubwa iliyolala stoo mwaka mzima bila kuguswa, na nyingine ya jina la kawaida iliyotoka kiwandani juzi juzi, nachukua hiyo ya pili bila kufikiri mara mbili.

Ila kwako wewe hata dukani hatujafika. Betri ikifa kabla ya mwaka, mimi kwanza nalishuku gari.

Tafuta mita ya umeme, hata ile ya bei ndogo kabisa inatosha. Iweke kwenye volti za DC. Jioni zima gari, funga milango, liache lilale. Asubuhi fungua boneti, rudisha mlango, subiri taa ya ndani izime. Ncha nyekundu iguse kichwa cha chanya, nyeusi cha hasi, na uguse kichwa chenyewe cha risasi, siyo kibano cha waya. Betri iliyojaa itakuonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ukiona 12.4 imebaki na robo tatu hivi. Kwenye 12.2 imebaki nusu, na 12.0 ni robo tu. Watu wengi hudhani 12.0 ni nzuri kwa sababu betri imeandikwa "12V". Hapana, hiyo iko taabani.

Halafu mwite mtu apige stata huku macho yako yako kwenye mita. Namba itashuka, ni lazima ishuke, lakini isipite chini ya 9.6 hivi. Ikianzia 12.6 kisha ikaanguka mpaka 7, betri imechoka ndani na gereji wako wana haki. Ikianzia 12.1, basi betri ilikuwa na njaa tangu kabla hujagusa swichi, na hapo swali linabadilika: nani ameila usiku, au nani hakuilisha mchana?

Kabla ya kujibu hilo, rudia kipimo cha stata ukiwa umehamisha ncha kutoka kwenye kichwa cha risasi kwenda kwenye kibano. Namba mbili hizo zinatakiwa zilingane karibu kabisa. Kama kichwa kinasema 11 na kibano kinasema 8, volti tatu zimepotelea hapo katikati, kwenye ule ungaunga mweupe wenye kijani ambao hakuna aliyeusugua. Kichwa kinaweza kuwa safi kwa juu na uchafu ukawa umejificha ndani ya kibano, mahali jicho halifiki. Legeza nati, vua kibano, sugua ndani kwa brashi ya waya au msasa mpaka risasi ing'ae, rudisha, kaza. Betri nyingi nzima zimetupwa kwa sababu ya uchafu usiozidi unene wa karatasi.

Sasa washa injini na upime tena. Kwenye magari mengi utapata kati ya 13.8 na 14.7. Ukipata 12.4 na inazidi kushuka, alteneta, mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, haifanyi kazi, na betri mpya utakayoweka itakufa kifo hicho hicho. Ukipata zaidi ya 15, betri inachemshwa. Magari mapya yenye kompyuta ya kusimamia chaji hupandisha na kushusha namba hiyo yenyewe, kwa hiyo usishtuke ikicheza kidogo.

Na huyo anayekula usiku? Gari lililolala salama hutumia umeme mdogo kwa ajili ya alamu, saa na kumbukumbu za kompyuta, kwa kawaida usiozidi miliampea 50. Piga hesabu: hiyo ni Ah 1.2 (ampea-saa, kipimo cha akiba ya umeme) kwa siku, na betri ya Ah 60 itachukua wiki tatu na ushei kufika nusu. Lakini redio iliyofungwa vibaya, taa ya buti isiyozima, au kifaa cha kufuatilia gari kilichounganishwa ovyo kinaweza kuvuta ampea nzima. Hapo unapoteza Ah 24 kila siku ya Mungu. Hakuna jina la betri litakalokuokoa. Wewe unayebustiwa leo na kesho tena, dau langu liko hapa au kwenye alteneta. Fundi atapima kwa kupitisha mita kati ya waya wa hasi na betri, na akijua kazi yake atasubiri hata saa nzima kompyuta za gari zilale kabla ya kusoma. Anayesoma baada ya dakika moja na kutangaza kuwa gari linavuja umeme, mshukuru na uondoke.

Haya, tuseme umepima yote na betri ndiyo yenye hatia. Dukani, jambo la kwanza ni tarehe. Betri si jembe, kwamba likining'inia ukutani miaka miwili linatoka vile vile. Hata bila kufungwa popote betri hujipunguzia chaji yenyewe, na joto huongeza kasi. Chaji ikishuka na kubaki chini, plati, yale mabamba ya madini ya risasi ndani ya betri, hufunikwa na salfeti ya risasi. Ikiwa changa, chaja huirudisha. Ikikaa miezi hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haziwezi tena, na sehemu hiyo ya plati imekwenda. Ndiyo maana unaweza kununua betri mpya kabisa yenye plastiki inayong'aa na nusu ya uhai wake imeshaisha.

Tarehe hugongwa kwenye plastiki yenyewe au kuandikwa kwenye kibandiko kidogo. Wengine huiandika wazi. Wengi hutumia herufi kwa mwezi, A ikiwa Januari, ikifuatiwa na tarakimu za mwaka. Wengine hutumia namba za siri ambazo muuzaji peke yake anazielewa. Mwambie akusomee, kisha aandike hiyo tarehe kwenye risiti. Akianza kujiumauma, umeshapata jibu. Miezi mitatu tangu kutengenezwa ni sawa. Sita nakubali kama duka lina utaratibu wa kuzichaji zilizo rafuni. Zaidi ya hapo, mimi natoka.

Kisha toa mita yako palepale kaunta. Usione aibu, pesa ni yako. Betri mpya ikisoma 12.5 au zaidi, endelea. Chini ya 12.4, rudisha rafuni. Ikisoma 13 na kitu, imetoka kwenye chaja sasa hivi na namba hiyo inakudanganya. Omba iwashiwe taa ya mbele kwa dakika moja au mbili, ipumzike, upime upya. Maduka mengi yana kifaa cha kupima nguvu ya betri kinachotoa karatasi. Omba na hiyo karatasi, ulinganishe namba yake na ile iliyoandikwa kwenye betri.

Mwisho, angalia kama hujauziwa iliyofufuliwa. Vichwa vya betri mpya havina mikwaruzo ya kibano. Kibandiko hakikai juu ya kibandiko kingine. Pembe za chini hazina alama za kusuguliwa na kitako cha gari ambacho betri hukalia. Na inyanyue: betri ni risasi, risasi ni uzito, na betri mbili za umbo moja zikitofautiana uzito waziwazi, ile nyepesi imeibiwa kitu ndani.

Kaka fundi, betri yangu ya zamani imeandikwa 55D23L. Dukani hawana, wananipa nichague 75D23L au 55D23R. Mume wangu anasema ile ya 75 ni kubwa, itaunguza stata. — Dada wa Usukani

Dada, mpe shemeji pole zangu, ila hapo amekosea. Kinachounguza ni volti kuzidi, na hizo zote ni za volti 12. Stata huvuta umeme inaouhitaji, haimwagiwi. Betri yenye uwezo mkubwa ni kuwa na akiba tu, na alteneta itaijaza kwa muda mrefu zaidi kidogo. Basi.

Maandishi hayo ni ya mfumo wa Kijapani. Namba ya mwanzo, 55 au 75, ni daraja la nguvu. Si Ah, ingawa wauzaji wengi watakuapia kuwa ni Ah. Herufi D inaeleza upana na kimo cha boksi. Namba 23 ni urefu wa boksi kwa sentimita, kwa kukadiria. Herufi ya mwisho ndiyo inayoleta ajali: L na R ni betri zile zile zenye chanya na hasi zilizobadilishana pande.

Kwa hiyo 75D23L inakaa palepale, boksi lile lile, pande zile zile, nguvu zaidi. Ichukue. Hiyo R iache hata wakikupa punguzo. Waya za gari zimekatwa kwa urefu wa pande zake. Ukibadilisha upande, wa chanya haufiki. Hapo ndipo utaona mtu anauvuta mpaka umekakamaa kama uzi wa gitaa, au anaigeuza betri kinyumenyume na kichwa cha chanya kikabaki karibu na ukingo wa boneti. Gari likiruka kwenye shimo moja, chuma kinagusa chanya na cheche zinaanza. Kuna na wale ambao waya hufika, kwa hiyo hawastuki, wanafunga chanya kwenye hasi. Hao huzika diodi za alteneta na fyuzi kuu, na wakiwa na bahati mbaya, kompyuta ya gari pia.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye magari madogo ni unene wa vichwa. Betri ndogo za herufi B huja na vichwa vyembamba, na zile zenye S mwishoni huwa na vinene. Ukiweka kibano kinene kwenye kichwa chembamba utakikaza mpaka nati iishe na bado kitacheza. Mafundi wengi hapo hukata bati la kopo wakalizungushia. Kazi hiyo hudumu mpaka siku ya kwanza ya mvua, halafu unarudi gereji ukiambiwa betri imekufa.

Usisahau bano la kuishikilia betri isiruke. Nikifungua boneti nikakuta betri imeegemezwa kwa kipande cha mbao au imefungwa kwa mpira, sishangai ikifa mapema. Mtikisiko hudondosha vumbi la plati chini ya boksi, likijaa linaunganisha plati na seli moja, yaani chumba kimoja kati ya sita vya betri, inakufa.

Ni kweli betri ikiwekwa juu ya sakafu ya saruji inanyonywa chaji? — Mbishi

Si kweli. Hadithi hiyo ni ya zama za maboksi yaliyopitisha unyevu. Plastiki ya leo haipitishi kitu. Itapungua chaji yenyewe, iwe kwenye saruji, mbao au godoro.

Kijana wangu, nina pikapu ya dizeli. Nimeletewa betri mbili za Ah sawa. Moja imeandikwa CCA 600, nyingine CA 700. Muuzaji anasema ya 700 ndiyo yenye nguvu. Isitoshe, nasikia hiyo CCA ni habari ya nchi za baridi. — Mzee wa Pikapu

Shikamoo mzee wangu. Muuzaji anakupimia kwa vipimo viwili tofauti.

CCA na CA zote ni ampea ambazo betri inaweza kuipa stata. CCA hupimwa betri ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa kanuni ya Kimarekani, betri inatakiwa itoe ampea hizo kwa sekunde 30 bila kushuka chini ya volti 7.2. CA hupimwa kwenye nyuzi sifuri, ambako betri yoyote inajisikia nafuu, kwa hiyo namba inakuwa kubwa zaidi kwa robo hivi. Punguza basi: hiyo CA 700 ukiigeuza CCA inakuja kama 560. Ya 600 ndiyo yenye nguvu. Tena angalia herufi ndogo pembeni ya namba zinazotaja kanuni iliyotumika kupima: SAE ya Kimarekani, EN ya Ulaya au DIN ya Kijerumani. Kanuni ya zamani ya DIN ni kali, na betri ile ile ikipimwa kwayo huandikwa namba ndogo zaidi kuliko kwa EN. Ukilinganisha, linganisha zenye herufi sawa.

Kuhusu baridi, una nusu ya haki. Anayeishi kwenye joto hatahitaji CCA kwa sababu ya barafu. Lakini injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu zaidi kuliko ya petroli, na plagi za kupashia joto hula umeme kabla stata haijazunguka. Kwa hiyo namba ya kiwanda kwenye kitabu cha gari usiishushe hata uishi wapi. Kuipandisha kidogo hakuna neno.

Ila mzee, joto ndilo adui mkubwa kuliko baridi. Baridi hukuonyesha kwamba betri imechoka; joto ndilo linaloichosha. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata uhai wa betri karibu nusu. Kama pikapu yako ilitoka na kava la kuizuia betri na joto la injini, na mtu amelitupa kwa kuona ni plastiki tu isiyo na kazi, litafute ulirudishe. Na kama dukani kuna betri mbili za CCA inayotosha, wewe wa kwenye joto chukua yenye Ah nyingi na uzito zaidi, hata kama CCA yake imezidiwa kidogo.

Gari langu huzima injini lenyewe kwenye foleni na kuwaka nikiachia breki. Betri yake imeandikwa AGM na bei yake imenitisha. Fundi anasema ya kawaida inaingia vizuri tu. — Foleni Kila Siku

Kuingia itaingia. Boksi ni lile lile. Shida ni kwamba gari hilo huwashwa mara nyingi mno ndani ya safari moja, na kila injini inapozima, redio, feni na taa vinaishi kwa betri peke yake. Betri ya kawaida haikutengenezwa kushushwa na kupandishwa hivyo kutwa. Itakufa haraka, na kabla haijafa mfumo wa kuzima injini utakuwa umeshajifunga wenyewe. AGM ina asidi iliyonywewa na mikeka ya nyuzi za kioo kati ya plati, haimwagiki, na inavumilia kushushwa. Ndugu yake mdogo ni EFB, ambayo bado ina maji lakini imeimarishwa. Aliyetoka kiwandani na EFB anaweza kupanda kwenda AGM. Aliyetoka na AGM asishuke.

Muulize pia huyo fundi kama ana mashine ya kuiambia kompyuta ya gari kwamba betri imebadilishwa. Baadhi ya magari, BMW wakiwa mfano maarufu, hubadilisha namna ya kuchaji kadiri betri inavyozeeka. Usipoyaambia yana betri mpya, yataendelea kuilisha kama mgonjwa.

Wenye magari ya haibridi, hili linawahusu nanyi. Ile betri ndogo ya volti 12 haizungushi injini, inaamsha kompyuta tu, kwa hiyo CCA kubwa haina kazi. Lakini kwenye matoleo mengi ya Toyota Prius imekaa nyuma, ndani ya chumba kimoja na abiria, na ina mrija wa kutolea gesi nje. Mbadala wake lazima uwe na tundu la huo mrija, na mrija urudishwe mahali pake.

Betri ya maji na betri kavu, ipi bora? Na je, naweza kuongeza asidi ikipungua nguvu? — Mwenye Kuuliza Si Mjinga

Hiyo mnayoiita kavu ina asidi ndani kama mwenzake, imefungwa tu usiweze kuifikia. Ubora unategemea wewe. Kama ni mtu wa kufungua boneti kila mwezi, ya maji yenye vifuniko sita itakulipa: unaona kiwango, unaongeza, na unaweza kupima kila seli kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha ukolezi wa asidi. Iliyojaa inasoma karibu 1.265 na kuendelea kidogo. Seli moja ikiachana na wenzake kwa 0.050, betri hiyo inaaga. Kama boneti unaifungua siku ya ajali tu, nunua iliyofungwa, tusidanganyane.

Lile jicho la kijani la kuonyesha chaji juu ya betri iliyofungwa lichukue kama uvumi. Linatazama seli moja kati ya sita.

Asidi usiongeze. Kinachopungua kwenye matumizi ya kawaida ni maji, asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi unakoleza mchanganyiko na plati zinaliwa. Ongeza maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi wala asidi, mpaka yafunike plati, tena ukishamaliza kuchaji, kwa sababu kimiminika hupanda wakati wa chaji na kumwagika. Ukikuta plati ziko wazi, zifunike kidogo kwanza ndipo uchaji. Maji ya bomba yana madini, yaache.

Nataka kufunga betri mpya mwenyewe. Nianzie wapi, na ile ya zamani niifanyeje? — Mikono Inawasha

Zima kila kitu, ufunguo utoke. Anza kufungua hasi, halafu chanya. Sababu ni hii: mwili mzima wa gari umeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi huku imeshika nati, umetengeneza mashine ya kuchomelea mkononi mwako. Hasi ikishatoka, spana iguse inapotaka. Wakati wa kurudisha unageuza: chanya kwanza, hasi mwisho. Vua pete. Vaa miwani. Sigara iache mbali, betri inayochajiwa hutoa haidrojeni na inalipuka kweli. Usijaribu kamwe kuchomoa betri injini ikiwa inaunguruma "kupima alteneta". Volti zinaruka juu ghafla na kompyuta zinaungua.

Hakikisha una namba ya siri ya redio kama redio yako ni ya kudai namba. Kitako ambacho betri hukalia kikiwa na asidi iliyokauka, kimwagie soda ya kuokea iliyochanganywa na maji, kikiacha kutoa povu suuza, kausha, ndipo uweke mpya. Vibano vikishakazwa paka grisi kwa juu, si ndani kwenye mgusano. Kisha mpe betri mpya chaja ya taratibu usiku mmoja kama unayo, maana alteneta ni ya kurudisha kilichotumika, siyo ya kujaza betri iliyotoka dukani na robo tatu.

Ya zamani irudishe kwa muuzaji. Risasi yake inayeyushwa na kutengenezewa betri nyingine, kwa hiyo ina thamani, na maduka mengi hukupunguzia bei ya mpya ukiileta. Ibebe ikiwa imesimama wima, ndani ya beseni la plastiki, vichwa vimefunikwa kwa utepe. Asidi usiimwage kwenye udongo wala mfereji, na usimpe mtu anayepasua betri uani kwake kuchukua risasi, hasa penye watoto. Vumbi la risasi huingia mwilini na huharibu ubongo wa mtoto. Na ukishafika dukani nayo, usiikabidhi kabla hujailinganisha na mpya bega kwa bega: urefu, kimo, unene wa vichwa, upande wa chanya.